Kope ya Kulia

Fundi wa mabango hakuwa na maneno mengi. "Niletee sura yako Jumamosi, uliyoichora mwenyewe. Ikifanana, kazi unayo. Nikikuta macho ya samaki, rudi kwa mama yako."

Basi Kiguu-na-Njia, ndivyo walivyomwita nyumbani maana tangu amalize shule makalio yake hayajui kiti, akatulia. Kioo akakiegemeza kwenye ndoo, akachonga penseli.

Macho yalimtesa, we acha tu. Dada yake alipita na beseni la vyombo, akachungulia.

"Huyo kakabwa au kaona jini?"

"Pita zako!"

Kumbe shida ilikuwa anachora jicho analolijua kichwani. Alipoanza kuchora anachokiona, kivuli cha kope juu ya mboni, kinukta cheupe cha dirisha, ule unyevu wa pembeni, mambo yakakaa. Na kope yake moja ilikuwa imelegea tangu azaliwe, ya jicho la kushoto. Kwenye kioo aliiona upande wa kushoto, akaiweka kushoto mwa karatasi. Ijumaa mchana karatasi ikamtazama.

Mama akaingia na nguo alizoanua. Zikamdondoka.

"Mwanangu," alisema. Aliiambia karatasi.

Kiguu akaitazama tena karatasi. Walizaliwa pacha. Yeye kope ya kushoto, mwenzake ya kulia. Wakisimama uso kwa uso ungesema mtu na kioo. Homa ilimchukua mwenzake wakiwa na miaka tisa, na picha haikubaki hata moja. Tangu hapo mama akiongea na Kiguu huangalia bega lake. Sasa kioo kimemgeuza, na mtu wa kwenye karatasi ana kope ya kulia.

"Mama, ni mimi. Nimekosea upande tu. Nafuta sasa hivi."

"Thubutu! Unataka kumzika mara ya pili?"

"Na kazi je?"

"Karatasi zimejaa tele. Jichore wewe."

Mama akaibandika juu ya kitanda chake. Kiguu akarudi kwenye kioo, lakini wapi! Kila akiinua macho, anayemtazama ni mwenzake, kakua, kaota na vindevu. Mkono ukagoma. Hadi jua linazama, karatasi nyeupe.

Jumamosi asubuhi mama alipotoka kuchota maji, akaibandua ile picha, akaikunja, akakimbia nayo.

Fundi akaiangalia, akamwangalia, kope wala hakuigundua. "Kijana, hii nakaa nayo. Natundika mlangoni, wateja wajue humu kuna watu." Kiguu akaitupia picha jicho. Halafu akapokea brashi.

Nyumbani mama hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu: "Iko wapi?" Akaambiwa.

Jumatatu akatokea kwenye karakana. Na Jumanne. Sasa kila mchana anakuja, anampita Kiguu aliyechuchumaa na kopo la rangi, anaenda kusimama mlangoni.

"Umeshindaje, baba?" anaiuliza picha, taratibu. Anasubiri kidogo, kama anajibiwa.

Wateja wanatabasamu. "Una bahati, kijana. Mama yako anakupenda, kila siku anakuja kukuona!"

"Eeh," anasema Kiguu, na kuendelea kupaka.