Jiwe Kwenye Kamba

Kwaru, kwaru, kwaru. Dishon alisikia chaki ikikwaruza upande wa pili wa ukuta, moyo ukamwenda mbio. Mubarak, mwanafunzi mwenzake wa chumba cha pili, alikuwa anasonga mbele, naye bado amekwama. Kesho kulikuwa na mtihani wa marudio wa mekanika changanuzi. Akianguka tena angerudia mwaka, yeye aliyejitapa kwao Karungu nzima kwamba hesabu kwake ni mteremko.

Swali lilikuwa la jiwe linalobembea kwenye kamba. Alilichorea mishale ya kani mpaka karatasi ikawa nungunungu, na jibu halikutoka. Hofu ikakishinda kiburi, akaichukua karatasi na kwenda kubisha mlango wa Mubarak.

"Karibu, profesa wa mishale!" Mubarak akacheka.

"Wacha kunichoma, omera, ndugu yangu. Nionyeshe."

"Kamba inarefuka?"

"Hairefuki."

"Basi jiwe halina uhuru ila wa kubadilisha pembe. Ita pembe hiyo jina. Andika nishati ya mwendo, utoe nishati ya kimo, kisha ufuate ile kanuni ya mwendo tuliyofundishwa darasani. Kani ya kamba hutaigusa kabisa."

Dishon akajaribu ubaoni. Alikosea alama ya kutoa, akafuta, akakosea tena. Hatimaye mlingano ukatoka, mfupi, safi.

"Mbona hukuja wiki iliyopita?" Mubarak akauliza.

"Niliona haya. Wewe ungenicheka."

"Ningekucheka, halafu ningekufundisha."

Dishon akanakili mlingano kwenye karatasi yake. "Ya kesho Mungu ndiye anajua. Lakini nakuahidi, Mubarak: nikikwama tena, nitabisha mlango huu siku hiyohiyo."