Keki ya Matundu Matano

Wiebe Terpstra wa Winsum alikuwa na majivuno ya kutosha kijiji kizima, na bado yakabaki ya kugawa kwa jirani. Ujanani alikuwa bingwa wa kuruka mifereji kwa mti mrefu, na hata leo, tumbo likiwa linamtangulia mlangoni, angekuapia kuwa Friesland yote, jimbo lao huko Uholanzi, haijaona miguu kama yake. Kwa hiyo madaktari walipomkuta na saratani ya puru, kule mwisho kabisa wa utumbo, wakamwomba aingie kwenye jaribio lao, alikubali kabla hawajamaliza kueleza.

Jaribio lilikuwa hivi. Wagonjwa wengine watapasuliwa kwa mkato mrefu, kama ilivyozoeleka. Wengine watatobolewa matundu madogo matano, na kamera na vyuma vyembamba vipite humo. Nani apate nini, kompyuta ndiyo inayopiga kura. Na ili mgonjwa asijidanganye wala manesi wasimdekeze, kila anayetoka kupasuliwa hufungwa bandeji pana ya kuficha tumbo lote, isipokuwa pale unapotokea mfuko wa choo wa muda. Siri inabaki kwa mpasuaji na waliokuwa naye chumbani.

"Ukichungulia kabla sijafungua," Daktari Hiemstra alimwonya, "majibu yako yote nayatoa kwenye hesabu."

"Mama yangu aliondoka na ugonjwa huu huu, daktari, na wakati ule hamkuwa na la kumfanyia. Mimi nataka kuhesabiwa. Hapa hata inzi hatachungulia!"

Daktari, mpasuaji wake, mama mrefu asiyecheka ovyo, alitikisa kichwa tu akaenda kunawa.

Wiebe akapasuliwa, uvimbe ukatoka. Akazinduka, na siku ya pili tu akaomba kushushwa kitandani. Alitembea koridoni huku akisukuma chuma cha dripu kama mtu anayeongoza gwaride.

"Matundu haya!" alimtambia dada yake Jeltsje, mwoka mikate, alipokuja kumwona. "Mtu aliyechanwa angetembea hivi?"

"Kaka, wewe umejaa dawa ya maumivu mpaka masikioni. Hata ungekatwa vipande viwili ungesema ni matundu."

"Mwili ni wangu, naujua. Nikutume kitu?"

Akamnong'oneza. Jeltsje akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwomba apunguze.

Asubuhi ya kufungua bandeji, Reinou, nesi wa jaribio, alikuja na maswali yake ya kila siku. Maumivu? Kidogo mno. Unadhani ulipasuliwa vipi? Matundu, tena bila shaka! Reinou akaandika. Kisha akainama, na uso wake ukabadilika. Pembe ya bandeji, upande wa kulia, ilikuwa imebanduka.

"Bwana Terpstra. Umechungulia."

"Nani? Mimi? Kulikuwa kunawasha! Pengine nimejikuna usingizini."

"Wote hujikuna usingizini," alisema Reinou kwa upole unaouma kuliko kelele. "Itabidi nimwambie daktari."

Wiebe akakodolea macho dari. Kutapika alivumilia, sindano alivumilia, na ule mfuko ubavuni alishaupa jina la shemeji yake. Lakini kufutwa? Aonekane mwongo, na maumivu yake yasimsaidie mtu yeyote atakayelala kitanda hiki baadaye? Macho yalimlowa, akasingizia taa.

Daktari Hiemstra akaja, akaitazama ile pembe, akamtazama mwenyewe. "Niambie kweli, Wiebe."

"Sikuchungulia. Sina shahidi."

Hapo mlango ukasukumwa kwa kiuno, akaingia Jeltsje na boksi mikononi. Kwao mwenye furaha ndiye anayelisha wenzake, na Wiebe alikuwa ameagiza keki ya kulisha wodi nzima. Jeltsje hakuuliza kuna nini. Alifunua tu. Keki ya maganda ya machungwa, sukari ya waridi juu, na katikati ya ile sukari, matundu matano yaliyotobolewa kwa kidole, kila moja limejazwa krimu. Chini yake, kwa herufi kubwa: NILIWAAMBIA.

Daktari Hiemstra aliitazama keki ile kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kumcheza.

"Reinou, fungua bandeji."

Ikafunguliwa. Kutoka chini ya kitovu hadi kwenye kinena kulikuwa na mshono mmoja mrefu, ulionyooka kama reli.

"Yesu wangu," alisema Wiebe.

"Kaka, hilo tundu refu kweli!" Jeltsje alimtania.

"Sasa nipeni sababu," alisema daktari, huku kicheko kikimshinda. "Mtu mwenye majivuno kama haya, angeuona mshono huu, angejiletea keki ya kujiaibisha mbele ya wodi nzima?"

Reinou alikuwa mwekundu kuliko sukari ya keki. "Hakuona. Haiwezekani awe aliona. Bwana Terpstra, nisamehe."

"Kwa hiyo nahesabiwa?"

"Unahesabiwa," alisema daktari. "Tena wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Kama mtu anaweza kuchanwa hivi na akaapa ni matundu, basi bandeji yetu inafanya kazi, na majibu ya wagonjwa tunaweza kuyaamini."

Wiebe alijaza kifua hewa, ghafla akakunja uso. "Aaa! Sista! Sasa linauma! Andika, linauma sana!"

"Nimeshaandika jibu la asubuhi," alisema Reinou, akichukua kisu cha keki. "La baada ya kuona halina kazi."

"Basi lihesabuni la asubuhi," alisema Wiebe, akishikilia tumbo asicheke. "Na muwaambie watakaosoma kwamba huyo aliyechanwa hivyo, koridoni hakuna aliyemfikia kwa mwendo."