Artiste wa Mama Ngosa

Daktari aliposema lile neno, Honorine alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mpaka daktari mwenyewe akashangaa. Maskini, alikuwa amezoea kuona akina mama wakitoka ofisini mwake wanalia. Huyu alitoka anacheka, amembeba binti yake Ngosa mgongoni, na Ngosa alikuwa keshatimiza miaka sita, miguu inaning'inia karibu na magoti ya mama.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kifaransa cha Honorine kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia unga na kujibishana na askari wa barabarani. Daktari alisema "autiste". Neno hilo Honorine hakuwahi kulisikia tangu azaliwe, na nje ya dirisha jenereta ilikuwa inanguruma, basi sikio likajichukulia neno lililokuwa karibu: artiste. Na kwa nini asifurahi? Kwa miaka mitatu watu wa maombi walikuwa wanamwambia kwamba mtoto asiyesema, asiyemtazama mtu usoni, anayepanga vifuniko vya chupa kutwa nzima, ana bulozi, yaani uchawi. Leo mtu aliyesoma amesema mtoto ni msanii, na barua ya shule ameiandika kwa mkono wake.

Alinunua mikate ya mafuta ya kugawia majirani wote. Mume wake, Donat, alikula mitatu kwanza ndipo akauliza.

"Artiste ya nini? Hata kusema, hasemi."

"Docteur njo alisema. Weye ulisoma kumupita?"

Donat hakuwa amesoma kumpita mtu yeyote, akachukua mkate wa nne.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 1997. Mwezi wa tano watu wa Lubumbashi walikuwa wamelala Zaïre wakaamka Congo, na ndimi zilikuwa bado zinajikwaa. Vijana wenye bunduki na mabuti ya mpira walikuwa wanazunguka mjini. Kule Kipushi, mgodi alikokuwa anafanya kazi Donat ulikuwa umelala usingizi wa pono, lakini wanaume waliendelea kwenda kutia sahihi bila mshahara, maana mwanamume atakaa nyumbani afanye nini? Walimu hawakulipwa na serikali, walilipwa na wazazi. Na kwa kuwa wazazi ndio waliompa mwalimu bukari, ugali wake, wao ndio waliokuwa wakikata maneno ya shule.

Shule mbili zilikuwa zimekwisha kumkataa Ngosa. Iliyobaki karibu ilikuwa moja tu, pale Katuba, na ikikataa hiyo, Honorine alijua kitakachofuata: atarudi kumfungia mtoto ndani kila anapokwenda Mokambo, mpakani, kufuata unga, na kumsikia analia mpaka mwisho wa barabara. Jambo hilo lilikuwa linamla moyo.

Mkuu wa shule hiyo, Madame Perpétue, alikuwa mama mnene mwenye haraka. Miwani yake iliondoka na waporaji, kwa hiyo barua ya daktari aliitia katika droo bila kuifungua.

"Iko na shida gani, huyu mutoto?"

"Hapana shida, Madame Directrice. Iko artiste."

Uso wa Perpétue ukachangamka. "Artiste? Kumbe! Hapa kwetu hatuna hata ngoma. Mumulete kesho."

Kesho yake kengele ikalia. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikipigwa kwa chuma, na hata wafu wa makaburi ya karibu nadhani walikuwa wanaijua. Ngosa akajitupa chini, akaziba masikio, akapiga kelele zilizoishinda kengele. Mwalimu wake, Onésime, kijana mwenye watoto sabini katika chumba kimoja, akaangusha chaki. Siku ya pili mtoto akatoka kupitia dirishani. Siku ya tatu akaingia chini ya meza ya mwalimu, akakataa kutoka.

"Ba artistes beko vile," alisema Perpétue kwa uhakika. "Mumuache."

Lakini Mama Léonie, ambaye mtoto wake alikaa benchi moja na Ngosa, hakuona usanii wowote. "Ile haiko bu-artiste," aliwaambia wenzake. "Ile ni bulozi." Akaomba mkutano wa wazazi, Jumamosi asubuhi, waamue kama mtoto huyo atabaki au atatoka.

Wazazi wakajibana katika mabenchi ya watoto. Honorine alikuwa amevaa kikwembe chake, kile kitenge cha Noeli. Akasimama, akasema bila kusita.

"Barua ya docteur iko mu tiroir. Muisome mbele ya bantu yote, bajue mutoto yangu iko nani."

Perpétue akaitoa drooni. Akatazama huku na huku akitafuta miwani, na wa pekee aliyekuwa nayo alikuwa Mama Léonie mwenyewe, akaivua shingo upande. Directrice akasoma kimya. Akarudia mstari wa kwanza. Akamtazama Honorine juu ya miwani ya kuazima.

"Mama Ngosa, hapa hapana artiste. Iko autiste."

"Si njo ile ile?"

"Hapana, mama. Haiko ile ile."

Akawaeleza polepole, akisoma Kifaransa na kukimimina katika Kiswahili: kwamba kuna watoto wanaozaliwa na kichwa kinachoisikia dunia kwa nguvu kuliko chetu, kelele inawachoma, neno linachelewa kutoka. Kwamba huo ni usonji, na hauambukizi. Kwamba hakuna aliyeroga wala aliyerogwa.

Honorine alitamani sakafu ya simenti ipasuke. Alikumbuka mikate, alikumbuka majirani, alikumbuka alivyomshukuru daktari. Na hapo nyuma mtu akacheka. Alikuwa Donat. Alijaribu kukizuia kicheko kwa mkono, kikamtoka puani. Mwalimu Onésime akafuata, kisha benchi zima, na Honorine mwenyewe, machozi yakimtoka kwa aibu, akajikuta anacheka kuliko wote.

"Sawa," alisema Perpétue alipopata pumzi. "Kupotea njia njo kujua njia. Ukweli ni huu: kama ulisema autiste siku ile, na miye ningemukatala. Sasa minamujua. Iko mwanafunzi yangu."

Akaendelea kusoma yale daktari aliyoomba. Mtoto akae mahali pale pale kila siku. Aambiwe kabla kelele haijaja. Na kwa miezi ya kwanza akae mtu mzima kando yake.

"Na huyo mukubwa, nani atamulipa?" aliuliza Mama Léonie. Swali lilikuwa la haki. Hakuna mzazi mle ndani aliyekuwa na cha kuongeza.

Donat akainuka kwa shida, benchi likitaka kuinuka naye.

"Miye," akasema. "Kutumika bila mushahara, minazoea."

Wanaume wa mgodini waliokuwemo wakapiga meza kwa kicheko. Mikono ikapanda: mtoto abaki. Mama Léonie alinyoosha wake wa mwisho, kisha akadai miwani yake.

Basi Donat akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka arobaini na mitatu, magoti yamefika kidevuni. Kabla ya kengele alikuwa anasema, "Ngosa, kengele inakuja," na kumziba masikio kwa viganja vyake vikubwa. Wiki ya kwanza mtoto alilia kidogo. Wiki ya nne hakulia. Na Onésime alipoita majina, akifika kwa Ngosa, Donat alikuwa anakohoa kwanza, kile kikohozi cha watu wa shimoni, ndipo anamjibia kwamba yupo: "Présent."

Asubuhi moja ya Novemba, mvua za kwanza zimeshuka, Honorine alikuwa anakwenda sokoni na mfuko wa unga kichwani. Alikuwa na desturi ya kupitia nyuma ya shule, kuchungulia. Onésime alikuwa anaita majina.

"Ngosa."

Donat alikuwa ameinama kuokota chaki. Halafu kikasikika kikohozi, kidogo, kikavu.

"Présent," alisema Ngosa kwa sauti nzito ya baba yake, macho yake ukutani.

Donat alibaki ameinama vilevile, mabega yanatikisika. Watoto wote wakageuka kumtazama Ngosa. Onésime, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, akasahihisha.

"Ngosa, musichana anasema présente."

"Musichana anasema présente," akajibu Ngosa, na safari hii sauti ilikuwa ya Onésime mwenyewe.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nje, Honorine alitua unga, akaukalia pale pale kwenye matope, akalia kwa furaha kama mtu aliyepata habari za ndugu aliyepotea. Miaka sita alikuwa ameliita jina lile, na leo mwenyewe ameliitikia. Onésime akainamia daftari la mahudhurio, akatia alama kwenye jina la Ngosa. Tangu Septemba, zote zilizotangulia zilikuwa za Donat.