Cheti cha Ngozi Safi

Jocelyne Nizigiyimana alimsimamisha mwanawe juu ya jiwe la kufulia, akamvua nguo zote, akaanza kumpaka. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa kwao Burundi. Merveille, wa miaka miwili na miezi michache, alisimama kimya mikono ikiwa juu, kama alivyozoea kila anapotoka kuogeshwa.

Mtoto hatoki nje bila kupakwa. Mama humpaka mafuta kuanzia utosini hadi kidole cha mwisho cha mguu, mpaka mtoto ang'ae, na anayempeleka mwanawe mbele za watu akiwa amepauka husemwa bombani wiki nzima. Kwa hiyo mikono ya Jocelyne haikuhitaji kufundishwa kazi. Tofauti ilikuwa moja tu: siku hiyo haikuwa mafuta ya ngazi, yale ya mawese, ilikuwa krimu nyeupe kutoka kwenye tyubu aliyoipata kwa Muganga Fabien.

Vipele vilikuwa vidogo, vigumu, vinang'aa kama punje za ulezi. Vilianza kwapani, vikashuka tumboni, vikazunguka mgongoni. Havikumuwasha mtoto wala havikumuuma. Waliotaabika navyo walikuwa majirani. Tangu ugonjwa wa nyani, mpox, uingie mkoani na watu wa afya wapite na vipaza sauti, kila kipele katika kambi yao ya wakimbizi kilikuwa kesi. Jirani aliyekuwa akipika naye moto mmoja alihamisha mafiga yake mbali. Bombani wanawake waliacha nafasi ya watu wawili mbele yake na nafasi ya watu wawili nyuma yake. Jumapili alikaa peke yake kwenye ubao mzima wa kanisa, na wakati wa kupeana amani alishika mkono wa mwanawe, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine. Mumewe, Manirakiza, alikuwa ameondoka kwenda Misisi kuchimba dhahabu, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu mvua za kwanza. Jocelyne alikuwa mpweke kiasi kwamba alianza kumshukuru mbuzi wa watu kwa kumkaribia.

Claver, shefu wa bloku, alikuja hadi mlangoni na kusimama mbali kidogo.

"Mama Merveille, bantu banaogopa," alisema. "Kufika siku ya posho ulete cheti ya kituo ya afya, yenye muhuri, kama ngozi ya mutoto iko safi. Bila ile mutahamia kwa hema ya nyuma ya choo, na mi nitatoa jina yenu kwa liste ya chakula."

Siku ya posho ilikuwa Jumamosi. Alipokwenda kituoni ilikuwa Alhamisi.

Fabien, muuguzi mkuu wa kituo kile kilicho kando ya barabara ya Baraka, alimtazama mtoto kwa mbali, kisha kwa karibu, akacheka.

"Hii haiko ya nyani. Hii ya batoto, inaishaka yenyewe. Mwaka moja, mbili, inaisha."

"Basi uniandikie vile, Muganga."

"Niandike nini? Claver anataka ngozi safi. Hii ni ngozi safi? Tutaikwangua kwanza, moja moja, ndo nitaandika."

"Itamuuma sana."

"Iko krimu. Inatia ngozi ganzi. Kesho asubuhi unapakaa fasi yote, kila pahali iko bipele, unafunika na sachet ya plastiki isikauke, unangojea saa moja nzima. Mi nakwangua, mutoto hasikii kitu."

"Fasi yote?"

"We unaona bipele biko fasi gani?" Alifungua droo, akaifunga upesi. "Tyubu moja haitatosha. Beba mbili."

Tyubu zilikuwa uchi, hazina hata boksi. Jocelyne alikuwa amesoma hadi darasa la sita, na alipenda kusoma maandishi ya vitu, hata ya sabuni. Aliuliza kama dawa haina karatasi yake.

"Karatasi ya nini?" Fabien alisema. "Mi ndo karatasi."

Jocelyne akatoa kitenge chake kizuri, kile cha harusi, akakiacha mezani. Fabien hakukitazama. Alikisukuma chini ya meza kwa mguu kama mtu anayefukuza kuku.

Hivyo ndivyo Ijumaa ile alivyompaka mtoto kama anavyompaka mafuta: tumbo, mgongo, makwapa, mapaja, na palipokuwa hapana kipele pia akapitisha mkono, kwa sababu kipele cha kesho hakijulikani. Alipasua mifuko miwili ya plastiki, akamzungushia kiwiliwili, akamfunga mgongoni kwa kitenge cha kila siku na kushika njia. Tyubu ya kwanza ilibaki robo.

Kituoni mlinzi, mzee Eugène, alimpa jetoni ya foleni, namba saba. Benchi lilikuwa moja, refu, ukutani. Alipoketi mwisho wake, waliokuwapo walisogea upande wa pili mpaka wakabanana, watu sita kwenye nafasi ya watatu. Yeye akabaki na nafasi ya watatu peke yake. Alivua kandambili na kuziweka chini ya benchi. Alibonyeza mkono wa mtoto kwa ukucha. Merveille hakushtuka. Krimu ilikuwa inafanya kazi, na moyo wa Jocelyne ukapoa.

"Muganga iko?" aliuliza.

"Muganga iko Baraka," Eugène alisema. "Balimuita kwa formation, ile semina ya ugonjwa ya nyani. Atarudia."

"Saa ngapi?"

"Atarudia."

Hakuna zaidi kilichoweza kutolewa kwa mzee huyo. Kwenye semina kuna chai, kuna chakula cha mchana na kuna bahasha ya usafiri, na mtu hatoki semina kabla ya bahasha. Hilo kila mtu kwenye benchi alilijua, na ndiyo sababu hakuna aliyelalamika.

Saa ile moja ya kungoja ikapita. Jua lilipanda, kivuli cha paa kikarudi ukutani, na upande wa Jocelyne ndio uliokuwa wa kwanza kuungua. Wale sita walikuwa bado kivulini. Hakuweza kusogea kwao. Akasimama, akatembea uani huku na huku, mtoto mgongoni, jasho likimtiririka kati ya mgongo wake na ile plastiki.

Aliyemsemesha alikuwa mmoja tu, mama mnene aliyeitwa Adolphine, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Swima, mwenye kidole kilichovimba kwa mwiba wa samaki. Alisema naye kutoka mwisho wa pili wa benchi, kwa sauti ya sokoni, hivyo kila alichomwambia kilikuwa cha wote.

"Mama, ile dawa ya mutoto, ulipakaa saa ngapi?"

"Jua likitoka."

"Ayi. Si ilisha kukauka? Mi balining'oa jino hapa. Balinitia sindano, muganga akaenda kuongea na simu. Kurudia kwake, ganzi iliisha. Nilisikia yote."

Watu wakacheka kidogo. Jocelyne pia alicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza mtu kumchekesha tangu wiki nyingi, kisha hofu ikamshika. Akilini alimwona Merveille amebanwa mezani, vipele vikikwanguliwa kimoja kimoja kwenye ngozi inayosikia. Aliona pia Jumamosi, na Claver na kalamu yake. Akaenda nyuma ya ukuta, akafungua plastiki, akampaka upya mwili wote, akafunga tena. Kesho yake hakungekuwa na nafasi nyingine. Na mafuta, tangu lini yakizidi yakamdhuru mtoto?

Saa sita ilipokaribia alirudia mara ya tatu. Aliikunja tyubu ya pili kutoka chini hadi mdomoni, akakamua mpaka ikatoa pumzi.

Merveille alilala. Hakuwa mtoto wa kulala mchana, na mama yake alifurahi, akamrusharusha taratibu mgongoni na kumwimbia kwa Kirundi, sauti ya chini. Alimwambia kwamba keshokutwa watakwenda kanisani ubao umejaa. Kichwa cha mtoto kililala begani, kikaanguka upande, kikabaki huko.

Adolphine ndiye aliyeinuka. Alikuja karibu kabisa, wa kwanza kumkaribia hivyo tangu vipele vianze, na Jocelyne, hata katika dakika ile, alijisikia vizuri kuwa na mtu karibu.

"Mama," Adolphine alisema polepole. "Angalia midomo ya mutoto."

Midomo ilikuwa na rangi ya wino wa bluu uliomwagikiwa maji. Kucha pia. Jocelyne alimshusha, akamwita jina, akampiga piga mashavu, akampulizia usoni. Macho yalifunguka nusu bila kumtafuta mtu. Mguu mmoja ukaanza kutetemeka wenyewe, kisha mkono.

Pikipiki ya Fabien iliingia uani wakati huo, yeye amekaa nyuma ya dereva na faili jipya la semina kwapani. Alimwona mtoto, akatupa faili chini, akapasua plastiki. Haki yake apewe, alijua mara moja. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahakamani.

"Ulipakaa ngapi?"

"Yote."

"Tyubu zote mbili?"

"Mara tatu. Ulisema fasi yote."

"Nilisema saa moja!"

"Saa moja ilipita, Muganga. Haukuwako."

Aliagiza maji. Wakamwosha mtoto krimu haraka, Adolphine akimwaga na jagi kwa mkono wake mzima. Merveille alikuwa anapumua, lakini pumzi fupi, na rangi ile haikuoshwa na maji. Fabien alisema kituoni hakuna oksijeni wala dawa ya jambo hili, lazima aende hospitali, Baraka. Akaingia ofisini kuchukua karatasi ya uhamisho. Jocelyne alimfuata, mtoto kifuani.

Fabien alivuta droo yote nje. Ndani yake mlikuwa na maboksi ya krimu yaliyolalishwa bapa, mengi, yote yakiwa na maneno mekundu ya Kifaransa ambayo hata mtu wa darasa la sita aliyaelewa: dawa hii haiuzwi. Juu ya maboksi kulikuwa na rundo la karatasi nyembamba za maelezo. Ya juu ilikuwa na picha. Mkono wa mtoto, na juu ya mkono alama moja ndogo nyeupe, kiasi cha punje ya haragwe. Kando ya alama, saa ya ukutani. Kando ya saa, mtoto mdogo amepakwa mwili mzima, na mstari mnene umemkata katikati.

Jocelyne aliitazama picha ile. Fabien akaweka kiwiko juu yake, akaanza kuandika.

Aliandika upesi, kwa Kifaransa, na Jocelyne alisoma kwa kugeuza shingo. Mama alimpaka mtoto dawa aliyoinunua barabarani. Hakuomba ushauri wa kituo.

"Muganga, haikuwa vile."

"Tia signature hapa."

"Dawa ulinipa weye. Kitenge yangu iko hapa chini ya meza."

Fabien hakutazama chini ya meza. Sauti yake haikupanda.

"Mama Merveille, unisikie muzuri. Kule Baraka bataomba karatasi. Karatasi bila signature ya mama haiko karatasi. Bila karatasi mutoto haondoke hapa. Mi niko na wakati. Yeye hana."

Mtoto alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine. Jocelyne alishika kalamu. Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri wa shule, asiache hata herufi moja, kwa kuogopa kwamba wataikataa.

Nje, Fabien alipanda nyuma ya dereva, akanyoosha mikono kumpokea Merveille. Jocelyne alimpa, kisha akashika kiti apande.

"Hapana. Weye utafuata."

"Pikipiki inabebaka hata bantu bane, Muganga," dereva alisema bila kugeuka.

"Nimesema atafuata. Washa."

Jocelyne alikimbia nyuma yao hadi barabarani, akakimbia mpaka vumbi lilipomficha. Aliona mguu wa mtoto ukining'inia kando ya paja la Fabien, halafu hakuuona tena. Alisimama hapo, miguu mitupu kwenye changarawe, kisha akakumbuka kwamba Baraka ni mwendo mrefu na akarudi kuchukua kandambili.

Eugène alikuwa ameleta ndoo ya maji ya klori. Alikuwa anasugua mwisho wa benchi, pale alipokuwa amekaa, kwa fagio, kama kituo kilivyoelekezwa kufanya. Kandambili alikuwa amezisukuma kwa mti wa fagio hadi katikati ya ua. Jocelyne aliinama, akazivaa zikiwa zimelowa. Alimtafuta Adolphine kwa macho. Adolphine alikuwa akinawa mikono kwenye ile ndoo, mpaka viwiko, na hakuinua kichwa.

"Hospitali ni upande gani ukifika mujini?" Jocelyne aliuliza.

Wale kwenye benchi walitazamana. Huenda kila mmoja alidhani mwenzake atajibu. Akajifunga kitenge kiunoni, akatoka langoni peke yake. Nyuma yake Eugène alipitisha kitambaa juu ya ubao, akaujaribu kwa kiganja, akasema umekauka. Wale sita wakasogea, wakaketi kwa nafasi, kungoja Muganga arudi.