Siku Arobaini za Mvua

Bajeti ya Anaclara Bentancor ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kumi kati ya hizo zingemfurahisha hata mkaguzi wa benki. Tiketi ya ndege hadi Nyuzilandi, bima ya mwaka mzima, viatu vya shambani, chakula cha wiki sita kabla hajapata kazi ya kuchuma matunda, na zile pesa ambazo afisa wa mpakani anaweza kudai kuziona kabla hajakugongea muhuri. Kila hesabu ilipigiwa mstari kwa rula. Msichana alikuwa na miaka ishirini na tano na alifanya kazi katika duka la dawa za mifugo, mahali ambapo ukikosea sifuri moja unaua ng'ombe wa watu. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na neno moja juu yake: MVUA.

Msicheke. Hapa kwetu Durazno, Uruguay, wingu likifunga, kila mtu hushikwa na hamu ya torta frita, lile andazi bapa lenye tundu katikati, lililokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Jua likiwaka, andazi hilohilo hata mbwa hulipita bila kugeuza shingo. Za Bibi Nibia, nyanya yake Anaclara, ndizo zilizokuwa na jina mjini. Matone yakianza tu, babu hufunga kitambaa cheupe langoni, ishara kuwa zipo, na watu hujipanga na miavuli yao. Siku moja ya mvua, ukishatoa unga na mafuta, huacha dola sabini safi. Anaclara alipungukiwa na dola elfu mbili na mia nane. Gawanya mwenyewe: siku arobaini.

Na arobaini hiyo hakuiota. Babu yake, Mzee Wáshington, alikuwa na kipima mvua kwenye nguzo ya uzio, na kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita alisoma milimita na kuziandika daftarini, chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya kwetu, mkononi. Anaclara alikaa na madaftari yale Jumapili tatu. Kuanzia Machi hadi katikati ya Agosti, wastani ulikuwa siku arobaini na tatu. Akaandika arobaini, hizo tatu akaziacha kwa tahadhari.

"Umefanya vizuri," babu alimwambia, kifua mbele. "Daftari hilo halina mchezo. Hata serikali haina kumbukumbu kama hiyo."

Kilichomkaba Anaclara ni kwamba viza yenyewe haikuwa na subira. Ni ile ya mwaka mmoja, ufanye kazi na kutembea, nafasi mia mbili kwa nchi nzima ya Uruguay, na siku zilipofunguliwa zilikwisha kabla yerba haijapoa kibuyuni. Aliipata kwa kudra. Asipokuwa ameingia Nyuzilandi kufikia mwisho wa Septemba, inakufa, na mtu hupewa mara moja tu maishani. Ili bei ya tiketi isimshinde, alipaswa kuinunua kabla ya Agosti kumi na tano.

Machi ikapita, Aprili, Mei. Juni ilipofika ukingoni, siku za mvua zilikuwa kumi na saba.

"Mwaka mbaya," babu alisema akitazama juu.

"Mbaya sana," Anaclara alisema, na akafungua tena ukurasa wa kumi na moja.

Alijaribu kuuza juani. Alibeba kapu hadi sokoni siku moja iliyong'aa kama sahani, na mzee mmoja akamkatalia kwa huruma kabisa: "Binti, leo? Unataka niugue tumbo?" Aliuza nne. Tatu alizinunua padri, na padri yule alikuwa mgeni kutoka nje.

Basi Julai mosi akavuka kijito kwenda kwa Mzee Heber. Heber na Wáshington walikuwa majirani na mahasimu wa mvua tangu zamani. Heber naye alikuwa na kipima mvua chake na daftari lake, na kila mwaka mpya waliweka madaftari mezani, wakajumlisha, na aliyepata milimita chache alimchinjia mwenzake mwanakondoo. Karibu kila mwaka aliyechinja alikuwa Heber.

"Shikamoo, Mzee Heber. Mwaka huu mvua imetukataa, siyo?"

"Marahaba. Imemkataa nani?" Heber alishangaa. "Mwaka wa kawaida kabisa huu. Kaa usome mwenyewe."

Anaclara akakaa, akasoma. Kwa Heber, wastani wa miezi ileile ulikuwa siku ishirini na tisa. Alirudia hesabu mara mbili, kwa sababu mtu hapendi kuamini jambo kama hilo kabla ya chakula cha mchana. Siku kumi na nne za tofauti, na kati ya shamba na shamba kilomita mbili na kijito ambacho kuku anavuka!

Alirudi nyumbani akajiambia huenda mawingu yana upendeleo. Kisha akafungua daftari la mwaka alipotimiza miaka kumi na tano, akatafuta siku ya sherehe yake, tarehe kumi na mbili Novemba. Mwandiko wa babu, wazi kabisa: *milimita 31*. Ukutani palikuwa na picha ya sherehe yenyewe. Anaclara katika gauni la waridi, meza nje uani, keki inayeyuka, na babu kakunja uso mzima kwa ukali wa jua.

"Babu, njoo kidogo. Siku hii ilinyesha?"

Mzee Wáshington alitazama daftari, akatazama picha, akatazama mlango.

"Ilinyesha... upande wa nyuma."

"Nyuma ya nini, babu? Nyuma ya keki?"

"Picha nazo hudanganya sana siku hizi."

"Milimita thelathini na moja, babu! Bibi angekuwa amekaa ndani ya maji!"

Bibi Nibia alikuwa jikoni na hakugeuka. "Mwambie mtoto ukweli, Wáshington. Mimi nimenyamaza miaka ishirini na sita, na kondoo wa watu nimewala."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Wáshington ilikuwa imejikaza ikafika mbali. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia. Ilianza hivi: siku moja wingu lilimpita juu kwa juu likaenda kumwaga kwa Heber, na Heber akaja dukani akijigamba milimita ishirini kama aliyezizaa. Wáshington akasema kwake zimeshuka ishirini na mbili. Basi. Tangu hapo, kila wingu lilipompa Heber likamnyima yeye, alijipa mwenyewe.

"Sikujua kama kuna siku mtu atazila hizo namba," alisema kwa sauti ndogo. "Zilikuwa namba tu, mwanangu."

Anaclara hakumfokea. Ingekuwa afadhali amfokee. Alikaa akachukua rula, akapiga mstari juu ya ukurasa wa kumi na moja, na hesabu mpya haikuhitaji msomi: kwa mvua ya kweli, angefika Agosti na siku ishirini na saba au nane. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Basi siendi," alisema. Kisha akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu alikuwa ameitaka safari ile tangu akiwa na miaka kumi na tisa na alijua fika kwamba haitarudi.

Sasa nikwambie jambo la aibu ambalo mzee huyu alimkiri mkewe, na mkewe hakukawia kulisambaza: aliposikia *siendi*, moyo wake uliruka kwa furaha. Mama yake Anaclara alikuwa na kazi zake mji mkuu, Montevideo, na mtoto huyu walimlea wao. Nyumba bila yeye Wáshington hakuijua. Siku mbili alitembea akipiga mluzi. Siku ya tatu alimkuta Anaclara anarudisha viatu vya shambani kwenye boksi lake, anavifunga kwa karatasi vizuri ili duka livipokee, na mluzi ukamkauka mdomoni.

Jumamosi alimwambia, "Twende kwa Elbio tukanunue unga."

"Unga wa nini, babu? Jua hili?"

"Twende."

Katika duka la Elbio, Jumamosi asubuhi, kaunta huwa imejaa wazee na vibuyu vyao, na Heber alikuwa katikati yao. Wáshington alivua kofia. Anaclara akadhani anawasalimia.

"Nina neno," alisema. "Siku ile ya kumi na mbili Novemba, mwaka wa sherehe ya mtoto, niliandika thelathini na moja. Haikushuka hata mbili. Haikushuka kitu. Na nyingine nyingi. Nimekudanganya, Heber, na kondoo wako kumi na tisa wamo humu tumboni."

Elbio alisimama na kilo ya sukari hewani.

"Kumi na tisa," Heber alisema polepole.

"Kumi na tisa."

"Na mimi kila mwaka naenda kanisani kuuliza kwa nini Mungu ananipita."

Kisha Heber akaanza kucheka. Alicheka akishika kaunta, akapaliwa, wakampiga mgongo, na duka zima likaangua kicheko. Wáshington alisimama amekuwa mwekundu kama nyama mbichi. Lakini hakuondoka. Alingoja kicheko kiishe, akasema kwa sauti ya tangazo:

"Na leo kwangu imenyesha milimita kumi na nane. Kitambaa kinafungwa saa tisa. Mwenye hamu aje na mwavuli."

Anaclara alielewa wakati huo tu. Alitamani kumvuta shati wakimbie wote wawili, na alitamani kumkumbatia, na hakuweza lolote kati ya hayo kwa sababu Elbio alikuwa tayari anapima kilo kumi za unga.

Walikuja. Jua la baridi likiwaka, anga bila hata doa, watu wa mji mzima walijipanga langoni na miavuli wazi. Wengine walivaa mabuti ya mpira. Mke wa Elbio alijikamua nywele kavu. "Wáshington, punguza kidogo, mwanangu anaogelea!" "Mzee, hii ya leo imeshuka wima au imepigwa na upepo?" Alijibu kila mmoja, kichwa chini mwanzoni, baadaye ameinua, na maandazi yalikwisha kabla ya saa kumi na moja. Dola sabini na sita.

Katika wiki zilizofuata ilinyesha kweli mara kumi na moja, na kwa Wáshington pekee mara nyingine kumi na moja. Watu walisimamishana barabarani kuulizana kama leo ni mvua ya Mungu au ya Wáshington. Kule nyuma yake waliigiza sauti yake, na mtu mmoja mwenye gari la vipaza sauti alimtungia wimbo wa kejeli alioupiga mtaa kwa mtaa. Mwanamume aliyeheshimiwa kwa jambo moja tu maishani mwake alikuwa amelitoa sokoni kipande kwa kipande, na Anaclara alizipokea zile noti zenye mafuta kila siku bila kuinua uso.

Kufikia Agosti kumi, siku zilikuwa thelathini na tisa.

Ilibaki moja.

Siku ya kumi na moja, babu alitoka asubuhi, akaangalia kipima mvua, akarudi. "Kavu," alisema.

"Sawa, babu. Tutangaze ngapi?"

"Nimesema kavu. Haijanyesha."

Siku ya kumi na mbili, kavu. Ya kumi na tatu, Anaclara alimfuata hadi kwenye nguzo.

"Babu, siku moja tu. Umenyesha kumi na moja, hii ya mwisho ndiyo imekushinda?"

"Mimi ni mtu mkweli siku hizi," alisema, na hakumtazama. "Watu wananiamini. Siwezi kuanza tena tabia ile."

Angeweza kukopa dola sabini kwa yeyote, hata kwa padri. Alijua. Lakini aliona jinsi mzee alivyoshika ile nguzo kwa mikono miwili, na akaelewa kwamba hakuwa tayari kumwachia aende. Alirudi jikoni akakaa na Bibi Nibia, na wote wawili hawakufanya chochote.

Siku ya kumi na nne, Heber alivuka kijito. Anga ilikuwa ya buluu toka pembe hadi pembe. Alikuwa na chupa yake kwapani na viatu vyake vilikuwa na vumbi hadi kwenye kifundo.

"Habari za leo, Wáshington."

"Nzuri. Kavu."

"Kavu? Ajabu." Heber alijimiminia yerba, akanywa, akafuta masharubu. Miaka ishirini na sita mtu yule hakuwa ameongeza hata nusu milimita. Hata adui zake walikubali. "Kwangu zimeshuka thelathini."

Wáshington aliviangalia viatu vya jirani.

"Usinitanie."

"Thelathini kamili. Nimetoka kuandika."

"Heber, una vumbi hadi vifundoni."

"Thelathini," Heber alirudia, na sauti yake ilikuwa laini. "Na kwako, jirani?"

Anaclara alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheupe mkononi. Aliona babu yake akitazama ile anga tupu, akatazama shamba, kisha akamtazama yeye, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika mwenyewe.

"Thelathini na tano!" alipiga kelele, ikasikika hadi barabarani. "Thelathini na tano, na bado inanyesha!"

Akaketi pale pale chini ya nguzo na kulia kwa sauti, mzee mzima, na Heber akaketi kando yake akamshika bega. Anaclara alitaka kwenda kwake. Bibi Nibia alikuwa tayari anapepeta unga.

"Funga kitambaa kwanza," alimwambia. "Muda wenyewe huu, umati unakuja."