Kimeo cha Kudra

Mzee Bakary, fundi wa kukata vimeo, aliufungua mkoba wake ukumbini, akatoa kisu chembamba kilichopinda ncha, akakiweka kwenye sahani kando ya unga wa dawa. Esha alipokiona alimkumbatia binti yake Kudra kwa nguvu.

"Ma-ma-mama, u-unaniumiza."

"Umemsikia?" Bi Maftaha, mama mkwe wake Esha, alimwambia fundi. "Mwezi wa pili huu. Anakwama kama cherehani mbovu. Kimeo kimerefuka, kinamgusa ulimi."

"Tukikikata, maneno yatateremka yenyewe," fundi alisema, akamgeukia Esha. "Mlete, mwalimu."

Esha hakusogea. Katika chuo cha ualimu, bibi mmoja Mwingereza aliwafundisha kwamba watoto wengi wa miaka mitatu hukwama hivyo, maneno yakija mengi kuliko kinywa kinavyoweza kuyatoa, na wengi huacha wenyewe wasipoharakishwa. Tena mwaka jana mtoto wa jirani alikatwa, damu haikukatika, wakamzika kesho yake. Ilitosha kusema tu. Na kusema ndiko kulikomtisha.

Darasani, mbele ya watoto, ulimi haukumsumbua. Mbele ya wakubwa aliyakwepa maneno mazito, akatabasamu, akainamisha kichwa. Kivinje nzima ilimsifu kwa haya. Aliyejua kwamba si haya ni mumewe Yahya peke yake, naye alikuwa Lindi.

"Mlete basi! Au kusoma kumekufanya umwogope mzee wa watu?" Bi Maftaha akamshika Kudra makwapani, akamvuta.

"M-m-m..." Shingo ilimkaza Esha, macho yakafumba yenyewe. "M-mimi n-nilikatwa, Mama."

"Nini?"

"N-nilikatwa. K-kwetu S-Somanga. N-nikiwa kama yeye." Akamgeukia fundi, akaachama. "T-tazama."

Mzee Bakary alimwelekeza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia kwa muda mrefu. Kimeo hakikuwamo.

"Nani alikukata?"

"M-mzee T-Tawakali."

"Huyo ndiye aliyenifundisha," alisema fundi. Akakifuta kisu ambacho hakikutumika, akakirudisha mkobani.

Bi Maftaha alikuwa bado amemshika mtoto. "Na asipoacha? Akiwa hivi mpaka ukubwani?"

"A-atakuwa k-kama mimi."

Mama mkwe alimtazama mkazamwana wake kana kwamba ndiyo kwanza anaingia nyumbani mle.

"Bi-bi-bibi," Kudra aliita, "n-n-na..."

Bi Maftaha alifungua mdomo ammalizie. Akaufunga. Akangoja.