Mbasa wa Kilian Hanunuliwi kwa Kadi

Mgeni njoo, mwenyeji akonde. Ndivyo Otilia anavyoutamka msemo ule tangu siku wageni wanane wa semina walipomaliza mbasa wake wote, samaki wa ziwani, wakafuta midomo, kisha mkubwa wao akamnyooshea kadi ya benki ya ofisi.

"Nini hii, kaka?"

"Malipo, dada," akasema Bwana Sixbert wa Songea, akicheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

Mgahawa wa Otilia hapo Kihagara una mabenchi manne na ukuta ulioandikwa kwa mkaa: PESA MKONONI. Mashine ya kadi haikuwapo jana, wala juzi.

"Basi nipe namba ya akaunti. Ofisi italipa wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa nauza maji ya moto."

Hakuwa anatania. Pale ufukweni, mtumbwi ukigusa mchanga alfajiri, mwanamke mwenye fedha mkononi ndiye anayechagua samaki kwanza. Kwenye mtumbwi wa mzee Kilian, kwa miaka mitatu, wa kwanza kuchagua alikuwa yeye. Akikosa kulipa alfajiri moja tu, nafasi inakwenda kwa mwenzake, naye anarudi mwisho wa foleni kuokota usipa, dagaa wa ziwa hili, uliokwisha kanyagwa. Na fedha yake yote ya kesho ilikuwa matumboni mwa wale wanane.

Urbani, mtendaji wa kijiji aliyewaleta wageni, akamvuta Otilia kando. "Mama Winnie, usituaibishe. Dunia imehama."

"Imehamia wapi? Twende tukaulize."

Akaichukua kadi, akashuka nayo hadi mchangani, Urbani na wageni wakimfuata. Mzee Kilian alikuwa ameketi anashona wavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Niwekee mbasa wa kesho. Malipo haya hapa."

Mzee akaigeuzageuza kadi, akainusa, akamrudishia. "Ee mwanangu! Na muuza nyuzi wangu nimpe hii akakwangulie ukoko?"

Wanawake waliokuwa wakianika usipa wakaangua kicheko. Dereva wa wageni naye akacheka, na katika kucheka ulimi ukamponyoka. "Lakini bosi, si tulipewa posho taslimu jana pale Mbinga? Ya chakula?"

Kicheko kikakatika. Macho yote yakahamia kwenye mfuko wa shati la Bwana Sixbert, uliotuna. Kumbe noti alikuwa nazo muda wote. Alitaka ofisi ilipe mara ya pili, na Otilia ndiye asubiri.

Otilia akamsogelea. Alikinga tu kiganja, akakiacha hapo. Bwana Sixbert akatazama ziwa, akamtazama Urbani, akatazama viatu vyake. Kisha akatoa noti, moja baada ya nyingine, hadi mbasa wa mwisho akalipiwa.

"Haya, umepata fedha yako," Urbani akasema kwa sauti ya baraza. "Sasa mwombe mgeni radhi. Umemvua nguo mbele za watu."

Otilia akazifunga noti kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo. Akamrudishia Bwana Sixbert kadi yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundwa.

"Karibu tena, kaka. Mbasa watakuwepo." Kisha akamgeukia mtendaji. "Radhi siombi. Si leo hapa mchangani, wala kesho kwenye baraza lako."